Upepo hauchumi mbegu

Nimeulizwa tena wiki hii: "Huu mmea unasambaza mbegu kwa upepo, maji, wanyama au kwa kupasuka?" Ukijibu "inategemea", unaonekana unakwepa swali. Zile njia nne tulizokaririshwa darasani zimeganda vichwani mwetu, na kinachonikera ni kwamba zinaanza habari katikati. Mbegu tayari iko hewani, tayari imo tumboni mwa ndege. Imeachiliwaje kutoka kwenye mmea? Hakuna anayeuliza.

Kazi yangu ni kukusanya mbegu za mimea mwitu zihifadhiwe, na kwa sisi tunaofanya kazi hii suala la kuachiliwa ndilo linaloamua kila kitu. Ukiwahi, kiinitete hakijakomaa na mbegu haitastahimili kukaushwa. Ukichelewa, unakuta maganda matupu.

Jinsi mbegu inavyotengenezwa nitapita upesi. Uchavushaji, utungisho, ovuli inakuwa mbegu, ovari inakuwa tunda. Nyuki akishafikisha chavua kwenye stigma kazi yake imekwisha. Hasambazi mbegu, na naomba tusiendelee kuchanganya mambo haya mawili. Kisha mmea unajaza akiba ya wanga, mafuta na protini, na mbegu za mimea mingi hupoteza maji zikiwa bado zimeshikiliwa na mmea mama.

Neno ni hilo: zimeshikiliwa. Mahali mbegu au tunda linapoungana na mmea kuna tabaka jembamba la seli, na wakati ukifika vimeng'enya huyeyusha pektini inayozigandisha. Kabla ya hapo upepo unaweza kuvuma unavyotaka na mbegu isitoke. Mtazame kishona nguo: kichwa kikiwa kibichi vijimbegu vyake vimebanana, vimeelekea juu, na unaweza kukipitia bila kuondoka na hata kimoja. Kikikomaa hutanuka, vijimbegu vikasimama pande zote, na kukigusa tu kunatosha. Ndoana ni zilezile. Kilichobadilika ni mshiko. Mpunga mwitu nao hudondosha punje zenyewe, na wakulima wa kale waliendelea kupanda zile zilizobaki kwenye suke. Jeni moja inayohusika na tabia hiyo, sh4, ilielezwa mwaka 2006. Kwa hiyo mavuno ya mpunga yanategemea mmea ulioshindwa kuachia mbegu zake.

Sasa maganda. Chukua ganda la Bauhinia, au la mmea mwingine wa jamii ya kunde ambao ganda lake hupasuka kwa kujisokota. Kila nusu ya ganda ina matabaka mawili ya nyuzi za selulosi, na nyuzi za tabaka moja zinapishana na za jingine. Ganda linapokauka, kila tabaka hujikunja kuelekea upande wake, lakini mshono unalizuia. Mvutano unaongezeka mpaka mshono unaachia, nusu zote mbili zinajisokota kwa kishindo, na mbegu zinaruka. Ukitumbukiza nusu iliyojisokota kwenye maji, hunyooka. Ikikauka, hujisokota tena. Seli zake zilikufa kitambo, ila mashine ingali inafanya kazi.

Ndiyo maana sikubali kanuni ya "likikauka linafunguka". Koni za misonobari mingi kweli hufunguka hewa ikiwa kavu na kujifunga kukiwa na unyevu, na dandelioni nayo hukunja manyoya yanayopeperusha mbegu zake hewa ikijaa maji. Lakini mimea mingi ya jamii ya Aizoaceae, iliyozoea ukame, hufanya kinyume: tunda lake linabaki limefumba wakati wote wa kiangazi, mvua ikinyesha vifuniko vinafunguka, na matone yanarusha mbegu nje. Na kuna misonobari, kama Pinus banksiana, ambayo utomvu unagandisha koni zake hadi joto la moto liuyeyushe. Kwa hiyo muda wa kuachia umo katika umbo la tunda. Upepo, mvua na moto ni ishara ambazo tunda liliumbika kuzingojea.

Turudi kwenye yale makundi manne. Mbarika utaiweka wapi? Tunda lake hupasuka na kurusha mbegu mita kadhaa. Kisha huja sisimizi: wanavutwa na kinundu chenye mafuta kwenye ncha ya mbegu, wanaibeba hadi kiotani, wanakula kinundu na kuiacha mbegu ikiwa nzima. Safari mbili, wabebaji wawili, na kitabu kinakutaka uchague mmoja.

Vitabu pia havisemi wazi kwamba umbo la mbegu ni shahidi dhaifu wa umbali itakaofika. Mbegu nyingi huangukia karibu na mama, hata zenye mabawa. Zinazofika mbali ni chache mno, na ni nadra mitego yetu kuzinasa, ingawa ndizo zinazoanzisha mimea mahali papya. Kisiwa cha Surtsey kilizuka baharini karibu na Iceland mwaka 1963 kikiwa jiwe tupu. Mmea wa kwanza wa mbegu ulionekana 1965, na mbegu yake ililetwa na bahari. Baadaye shakwe walipojenga viota kwa wingi, idadi ya aina za mimea ilipanda haraka, na mingi kati ya iliyoletwa na ndege hao haina tunda nono wala ndoana. Kwa kuitazama tu, hakuna mwanafunzi ambaye angeiandika chini ya "wanyama".