Kwa nini chesesi ya Land Rover huoza kutoka ndani, na kiraka kinafaa lini?

Bodi ya Land Rover ya zamani haishiki kutu, chesesi yake, yaani fremu ya chuma inayoibeba bodi hiyo, inaoza. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja unapata jibu ambalo utalisikia kwenye gereji nyingi: alumini ya bodi ndiyo inayokula chuma cha chini. Linaingia akilini upesi, na mtu akishalishika hana haja ya kuuliza zaidi.

Ukweli ni kinyume chake. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi, moja huliwa na nyingine hupona, na katika jozi hii inayoliwa ni alumini. Angalia sehemu ya chini ya mlango wa Defender, mojawapo ya Land Rover za aina hiyo, pale bati la alumini lilipokunjwa kuzunguka fremu ya chuma. Rangi imevimba malengelenge, na ukiyakwangua unatoka unga mweupe. Unga huo ni alumini iliyokwisha kuliwa. Kama bodi ingekuwa na athari yoyote kwa chesesi, ingekuwa ya kuikinga, tena kinga ndogo isiyofika mbali na pale metali zinapogusana. Isitoshe, sehemu za chesesi zinazooza vibaya zaidi hazigusi alumini kabisa. Zimo ndani ya boksi la chesesi, gizani, chuma kwa chuma.

Alumini yenyewe ilikuja kwa sababu za njaa ya vita. Land Rover ilipooneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao, alumini ikipatikana kwa urahisi zaidi. Bodi ikapewa alumini, chesesi ikabaki chuma: mabati bapa yaliyochomelewa kuwa boksi refu lenye uwazi ndani. Muundo huo wa boksi ulidumu hadi Defender ya mwisho ya aina hiyo ilipotoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Bati la chesesi ya Defender lina unene wa takriban milimita 2 tu, na hilo litakumbukwa mbele.

Kuelewa kinachotokea ndani ya boksi, chukua betri ya tochi ya bei rahisi, ile nene ambayo ukiisahau ndani ya tochi huvuja. Kopo lake la zinki si chombo tu, ndilo kuni. Kila unapowasha tochi, zinki kidogo huyeyuka kutoka upande wa ndani na umeme unapatikana kwa gharama hiyo. Kwa nje huoni lolote, lebo inang'aa vilevile. Siku ute unapotokeza, tundu lenyewe ni dogo kama la sindano, lakini ukilipasua kopo utakuta lote limebaki jembamba. Tundu halikuwa mwanzo wa ugonjwa. Lilikuwa taarifa, tena ya kuchelewa.

Chesesi inafanya jambo hilohilo, na si kwa mfano tu: ni betri kweli. Swali la haki ni kwamba betri huhitaji pande mbili tofauti, na chesesi ni chuma kitupu. Tofauti inatoka wapi? Inatoka kwenye hewa. Gurudumu la nyuma linarusha tope, tope linaingia kwenye matundu ya kupitishia waya na ya kutolea maji, linatulia kwenye sakafu ya boksi. Chini ya tope hewa haifiki vizuri. Pembeni yake, chuma kilicholowa kinapata oksijeni ya kutosha. Tofauti hiyo ya oksijeni pekee inatosha kukigawa chuma pande mbili: chuma cha chini ya tope kinakuwa zinki ya betri yetu, kinachoyeyuka, na chuma cha pembeni kinakuwa upande wa pili. Umeme unapita ndani ya chuma chenyewe, maji yenye chumvi yanakamilisha mzunguko.

Hapa pana kioja ninachokipenda. Kutu nyekundu haikai pale chuma kinapoliwa. Chuma huyeyuka chini ya tope, kisha husafiri ndani ya maji hadi kikutane na oksijeni, na hapo ndipo kinageuka kutu nyekundu. Kwa hiyo sehemu yenye wekundu mwingi mara nyingi ni jirani wa sehemu iliyoumia, na iliyoumia zaidi imetulia chini ya uchafu ikiwa na rangi nyeusi. Ingiza bisibisi kwenye tundu la kutolea maji la boriti ya nyuma, ile inayounganisha miguu miwili ya chesesi, yaani maboksi marefu ya kushoto na kulia, na kubeba ndoano ya tela. Vitakavyotoka ni vigamba vya tabaka juu ya tabaka, vyekundu upande mmoja na vyeusi upande wa pili, vingi kuliko chuma ulichodhani kimepotea. Ujazo wake haupaswi kukutisha peke yake, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilikotoka. Ndiyo maana pia mabati mawili yaliyobanana huachana: kutu ikivimba katikati huyasukuma.

Chumvi huongeza kasi, lakini chumvi hazifanani. Ile ya bahari hunyonya unyevu wa hewa na kuwa maji yenyewe hewa ikifika unyevu wa takriban asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa Mombasa au Dar es Salaam haukitafuti kwa shida. Kloridi ya kalsiamu, inayomwagwa barabarani nchi za theluji ikiwemo Japani, huanza kwenye unyevu wa chini zaidi. Gari lililokuja nayo kwenye mashimo ya chesesi linaweza kuendelea kuoza huku bila kugusa dimbwi. Si kila gari kutoka kaskazini ya Japani limeharibika, ila karatasi ya mnada wa huko huandika herufi S kwa kutu na C kwa kutu iliyokula zaidi. Isome kabla ya kuangalia redio.

Sasa, kukarabati au kubadilisha? Ukiikubali hadithi ya betri, kupima tundu kunakuwa kazi ndogo. Kinachopimwa ni umbali wa kutoka kwenye tundu hadi kwenye chuma kinachostahili kuchomelewa. Gonga kwa nyundo ndogo ukisogea taratibu. Chuma kizima kinaitikia kwa mlio mkali na nyundo inaruka, kilichokonda kinatoa sauti ya kufa na nyundo inazama kidogo. Kwa kuwa unene wa mwanzo ulikuwa milimita 2, ukipoteza moja umepoteza nusu ya ukuta, na mashine ya kuchomelea itakitoboa kabla ya kushika. Fundi asemaye "naongeza tu moto kidogo" anatafuta chuma ambacho hakipo.

Hata wenye mamlaka hawakubaliani ni wapi mstari ukatwe. Ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza huangalia mahali: kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka mlimofungwa springi, usukani, breki au mkanda wa kiti inalifelisha gari, na kiraka cha hapo lazima kichomelewe mfululizo, si kwa nukta nukta, wala kwa fibaglasi. Marekani, Toyota ilipokubali mwaka 2016 kumaliza kesi kuhusu fremu za Tacoma, Tundra na Sequoia, karibu magari milioni 1.5, kipimo kilikuwa tundu: likifika milimita 10 kwa sababu ya kutu, fremu nzima ibadilishwe. Kampuni kubwa inaweza kumudu kipimo rahisi hivyo. Kwa mwenye gari moja naona cha Waingereza kina akili zaidi, kwa sababu tundu la milimita 10 kwenye ncha ya boriti ya nyuma na lingine kama hilo pale springi inapokaa ni habari mbili tofauti.

Kiraka kinafaa pale uozo una mipaka: kona moja iliyokusanya tope, chuma kizima kikizunguka pande zote. Kata hadi kwenye chuma kinachong'aa, weka bati la milimita 2 au 3 likikaa ndani ya nafasi iliyokatwa, chomelea mzunguko wote. Kosa la kawaida ni kuweka bati juu ya kutu. Hapo umetengeneza uwazi mpya mwembamba kati ya mabati mawili, usiopata hewa, wenye unyevu: yaani umeijenga betri nyingine kwa mkono wako. Kosa la pili ni bati la milimita 6 "ili liwe imara". Boksi linalopinda kidogo kila bonde likikutana ghafla na kipande kisichopinda, mzigo unajikusanya kwenye ukingo wa weldingi, na ufa unaanzia hapo.

Kukiwa na viraka vitatu kwenye boriti moja, acha. Boriti ya nyuma huuzwa nzima, ikiwa na mikono ya kuungia kwenye miguu ya chesesi, na kazi ya siku chache inakupa kitu kinachoeleweka. Kwenye Defender 110, ile ndefu, tenki la mafuta liko hapohapo nyuma, lishushwe kabla ya cheche ya kwanza, na waya za betri ya gari zifunguliwe. Ukimaliza, ndani ya boksi pamebaki chuma kitupu kwa sababu moto umeunguza rangi, hivyo pulizia nta ya ndani kupitia matundu, kisha uyaache matundu ya maji wazi. Oili chafu inayopakwa kwa nje inasaidia nje, ila inalainisha mipira ya busi na haifiki mahali penye ugonjwa. Vile vifaa vya umeme vinavyouzwa kuzuia kutu kwenye gari vina shida yao: kanuni ya kukinga chuma kwa umeme inafanya kazi kwenye meli na mabomba yaliyofukiwa, yaliyozungukwa na maji au udongo wakati wote, na gari limezungukwa na hewa.

Miguu mikuu yenyewe ikiwa imekonda kwa urefu, hasa kwenye vishikio vya springi, viraka vinakuwa matumizi ya fedha yasiyo na mwisho. Chesesi mpya za Land Rover bado zinatengenezwa Uingereza, na nyingi huzamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, nyuzijoto karibu 450, zinki ikapita ndani na nje. Safari hii kinacholiwa kwanza ni zinki, kama kwenye tochi, na chuma kinasubiri. Lakini namba ya chesesi imegongwa kwenye mguu wa kulia mbele, na ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Nenda ofisi ya usajili uulize utaratibu kabla ya kukata ya zamani, na usiitupe mpaka upate jibu kwa maandishi.