Mzigo Nyuma, Usukani Mwepesi: Kwa Nini Natetea Injini ya Nyuma

Gari la spoti likiletwa kwangu, kabla sijashika spana hupanda mizani kwanza. Ni mizani nne bapa, moja chini ya kila tairi, na kila moja inasoma kilo zake. Gari lenye injini mbele husoma karibu sawasawa mbele na nyuma, au mbele kukazidi. Ukipandisha Porsche 911, yenye injini nyuma, namba za nyuma zinaruka: katika kila kilo 100 za gari, kama 61 hivi zimekalia matairi mawili ya nyuma. Mwenye gari akiziona kwa mara ya kwanza hushtuka. "Fundi, hii si kasoro?"

Si kasoro hata kidogo. Kazi yangu ni kupanga magurudumu, springi na shokapu, na baada ya kupanga lazima niliendeshe gari nijue limekaaje. Nimeendesha ya injini mbele, ya kati na ya nyuma, mazima na mabovu. Mtu akiniambia anataka gari moja tu, limpeleke kazini siku tano na siku ya sita limpe raha ya kona za milimani, namshauri injini ya nyuma bila kusita. Uzito ule ule unaomtia hofu ndio unaolipatia gari mbio, na ndio unaolifanya likalike kila siku.

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Injini ya nyuma ni ile iliyopita ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma, ikakaa karibu na bampa. Ferrari na Lamborghini nyingi zina injini mgongoni mwa dereva, lakini imewekwa kabla ya ekseli ya nyuma. Hiyo ni injini ya kati, na tabia zake ni nyingine kabisa.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo ubishi unapokwisha. Chukua magari matatu ya kilo 1,500 kila moja, ekseli zimeachana mita 2.5, kitovu cha uzito kiko nusu mita kutoka chini. La kwanza lina injini nyuma, na nyuma kuna kilo 915. La pili lina injini mbele lakini linasukumwa na magurudumu ya nyuma, uzito nusu kwa nusu: nyuma kilo 750. La tatu lina injini mbele na linavutwa na magurudumu ya mbele, yaliyobeba kilo 930. Hapo yote yamesimama.

Kanyaga mafuta uondoke kwa 0.7 g, yaani sehemu saba katika kumi za mvuto wa dunia, mwondoko wa kukubandika kwenye kiti. Gari lolote likiondoka, uzito hukimbilia nyuma. Katika mfano huu ni kilo 210. Matairi yanayofanya kazi katika gari la kwanza sasa yamebeba kilo 1,125. La pili yamebeba 960. La tatu yamebakiwa na 720. Kuondoa kilo 1,500 kwa 0.7 g kunataka msukumo wa kilo 1,050. Ikiwa tairi kwenye lami kavu linashika sawa na mzigo liliobeba, gari la kwanza linaondoka safi. La pili linaanza kuteleza. La tatu linazungusha magurudumu na kupiga kelele. Nguvu ya injini ni ile ile kwa yote matatu. Tofauti ni nani amewekewa mzigo pale panapohitaji mzigo.

Kwenye utelezi mambo yanabadilika kidogo, na nisifiche. Penye barafu tambarare hakuna mwondoko mkali, kwa hiyo uzito hauhami sana, na gari la kuvutwa mbele linakaribiana na la injini nyuma. Likianza kupanda mlima, mteremko wenyewe unarudisha uzito nyuma, na hapo linaachwa. Ndiyo maana mashindano ya rali ya Monte Carlo, yenye theluji na vilima vya Alpi, yalikuwa uwanja wa nyumbani wa magari haya. Vic Elford alishinda kwa 911 mwaka 1968, kisha Björn Waldegård akashinda 1969 na 1970. Mwaka 1971 likaja Alpine A110 kutoka Ufaransa, kijigari chepesi cha bodi ya faibaglasi na injini ya Renault nyuma, likachukua ushindi mikononi mwa Ove Andersson. Mwaka 1973, msimu wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, Alpine ndio waliotwaa taji la watengenezaji.

Breki ndizo watu huzisahau. Gari likifunga breki, uzito hukimbilia mbele. Kwa magari yetu yale yale, breki za 1 g zinahamisha kilo 300. Gari la kuvutwa mbele, lililokuwa na 930 mbele na 570 nyuma, sasa lina 1,230 mbele na 270 tu nyuma: matairi mawili yanaumia, mawili yanasindikiza. Gari la injini nyuma linakuwa na 885 mbele na 615 nyuma. Yote manne yanafanya kazi. Mguuni unaisikia: pua haizami, gari zima linajikalisha chini kama mtu anayekaa kitini.

Kona ndiyo yenye historia ya machozi, na lazima tukae hapo kidogo.

Shika nyundo kwa ncha ya mpini, uizungushe kushoto na kulia. Kuianzisha ni kazi, na ikishaenda, kuisimamisha ni kazi zaidi. Sasa ishike karibu na kichwa: inageuka upesi na inasimama upesi. Gari la injini ya kati ni nyundo iliyoshikwa kichwani. La injini nyuma limeshikwa mpinini. Ukiingia kona kwa kasi ukaogopa katikati, ukaachia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanapunguziwa mzigo wakati bado yanapaswa kuizuia ile injini nzito isitoke nje ya kona, na mkia unatangulia. Dereva asiyejua hili anajikuta anatazama alikotoka.

Lakini makosa mengi yaliyobebeshwa injini yalikuwa ya ekseli. Magari ya zamani kama Volkswagen Beetle na Chevrolet Corvair ya kwanza yalikuwa na ekseli za kubembea: kila gurudumu la nyuma linacheza juu ya bawaba moja karibu na giaboksi. Kona ikiwa kali, nyuma inainuka, gurudumu la nje linajikunja kwa chini kuelekea ndani, na tairi linabaki limesimamia ukingo. Ralph Nader, mwanasheria Mmarekani mtetezi wa watumiaji, aliiandama Corvair mwaka 1965, na Corvair mpya ya modeli ya mwaka huo huo ilikuwa imeshaachana na ekseli hiyo ikafungwa mikono ya kisasa ya kushikilia magurudumu. Injini ilibaki pale pale nyuma.

Porsche nao walihangaika. 911 ilioneshwa Frankfurt mwaka 1963 ikiitwa 901, na haikuwa na ekseli za kubembea kama kaka yake 356, lakini mkia ulikuwa mwepesi wa kutoka. Wakafikia hatua ya kuficha vipande vya chuma, kilo 11 kila kimoja, kwenye pembe za bampa la mbele. Dawa halisi ilikuja na modeli ya 1969: ekseli ya nyuma ilirudishwa nyuma milimita 57 huku injini ikibaki ilipo, na betri moja ikagawanywa kuwa mbili ndogo zilizowekwa mbele, kila upande moja. Nikilala chini ya gari la miaka ile hutazama shafti za magurudumu zilivyoinama kuelekea nyuma kufuata gurudumu lililohamishwa. Napenda sana kuziangalia. Ni ushahidi wa watu waliokataa kukata tamaa na wazo lao.

Kizazi cha 911 kiitwacho 993, cha mwisho kupozwa kwa hewa, kilipewa mikono mingi nyuma, na ile tabia ya gurudumu kujigeuza ukiachia mafuta ikatulizwa. Kizazi cha 991, mwaka 2011, kikaongezewa milimita 100 kati ya ekseli. Leo utahitaji ujinga wa makusudi ili likuzungushe.

Namna ya kuliendesha ni fupi kuieleza na tamu kuijua. Funga breki wakati gari bado limenyooka. Anza kuachia breki taratibu huku unageuza usukani, ili mzigo uliokimbilia mbele ubaki juu ya matairi ya mbele na pua ikamate kona. Pua ikishakamata, rudi kwenye mafuta mapema, kidogo kidogo. Nyuma inajikandamiza chini, na gari linajitoa lenyewe. Ukikosea mpangilio huo, kosa la kawaida si mkia. Ni pua kukataa kona, kwa sababu umeingia na mafuta na mbele hakuna mzigo.

Nimesema sana juu ya mbio. Maisha ya kila siku yanataka maneno machache, kwa sababu faida zake unaziona ukiingia tu. Injini ikiwa nyuma ya ekseli, katikati ya gari panabaki pa watu. Ndiyo maana 911 ina viti viwili vidogo nyuma: watoto wanakaa, na ukilaza migongo yake unapata mahali pa mabegi. Gari la injini ya kati ni nadra kuweza, injini imeshakaa hapo. Buti iko mbele, lita 130 hivi kwa modeli nyingi za kisasa, na haipati joto la injini. Boneti ni fupi na inashuka, kwa hiyo unaona barabara karibu kabisa na gari. Usukani ni mwepesi na unazungumza, maana magurudumu ya mbele hayavuti gari wala hayajabebeshwa injini.

Kero zipo. Matairi ya nyuma huisha kabla ya mbele, na kwa kuwa ni mapana zaidi huwezi kuyabadilishana. Upepo wa ubavuni kwenye barabara kuu huisukuma pua. Tangi la mafuta liko mbele, na lita 64 ni karibu kilo 48, kwa hiyo likikaribia kuisha pua inakuwa nyepesi zaidi. Dereva makini huisikia. Na kama gari lako ni la kupozwa kwa hewa, oili hupimwa injini ikiwa moto, inaunguruma, mahali tambarare. Nimepokea magari yaliyozidishiwa oili kwa sababu mtu alichomoa kijiti asubuhi injini imelala, akaona imekauka, akamimina.

Watu huniuliza pia: kama injini ya nyuma ni nzuri hivyo, mbona 911 RSR ya mashindano ya mwaka 2017 ilihamishiwa injini mbele ya ekseli? Ni kweli, na walifanya vizuri. Nafasi iliyobaki wazi nyuma ilitumika kupitisha hewa chini ya gari, na gari la mashindano halibebi watoto wala mabegi. Lile unaloegesha nyumbani linabeba.

Kuna mteja aliyenijia akitaka kuuza la kwake. "Fundi, pua haikamati. Nageuza, linaenda moja kwa moja." Nilipiga goti kwenye tairi la mbele, nikapitisha kiganja: bega la nje lilikuwa limekwanguka, lina vinundu kama vya kifutio cha penseli. Nikapima upepo. Duka la matairi alikotoka lilikuwa limejaza yote manne sawasawa. Gari la injini nyuma huwekwa upepo pungufu mbele kuliko nyuma. Corvair ya kwanza ilitakiwa psi 15 mbele na 26 nyuma, na waliopuuza hilo walijitafutia balaa. Nilirekebisha upepo kwa vipimo vilivyobandikwa kwenye gari lenyewe, nikampeleka barabarani, tukarudia kona moja mara kumi: breki, achia taratibu, geuza, ngoja, mafuta. Mara ya saba akaacha kuniangalia, akaanza kuangalia mwisho wa kona.

Alirudi baada ya miezi kadhaa kubadilisha matairi ya nyuma. Nikapiga goti tena mbele, nikapitisha kiganja. Bega la nje lilikuwa laini. Sikumuuliza kama bado anauza.