RNA isiyosimba na mkunjo wa jenomu

Jenomu ni jumla ya DNA yote iliyomo katika seli ya kiumbe. RNA ni molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye DNA hiyo, na RNA isiyosimba ni ile isiyobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Uhusiano wa viwili hivi ni wa pande mbili: namna DNA ilivyokunjwa huamua RNA hiyo itafika wapi, na RNA ikishafika huweza kuubadilisha mkunjo wenyewe. Upande wa pili ndio unaotajwa zaidi, lakini bila ule wa kwanza hauelezeki vizuri.

Tuanze na mkunjo. Seli moja ya binadamu ina DNA ya urefu wa takriban mita 2, nayo imo ndani ya kiini chenye kipenyo cha mikromita 10 hivi au pungufu. Mvuvi wa Kibirizi, pale Kigoma, akiukusanya wavu wake ndani ya mtumbwi, mafundo mawili yanayoachana kwa mita nyingi wavu unapotandazwa huweza kulala ubavu kwa ubavu. Vivyo hivyo, kipande cha DNA kinachoiwasha jeni fulani huweza kuwa mbali nayo kwa herufi (vijenzi vya DNA vinavyofuatana) laki kadhaa tukihesabu kwenye uzi, na bado kikakutana nayo kwa sababu ya mkunjo. Tofauti ni kwamba DNA haikunjwi mara moja ikaachwa. Protini yenye umbo la pete, kohesini, huushika uzi na kuuvuta hadi kitanzi kikue, na mara nyingi uvutaji huo hukomea mahali palipokaa protini nyingine iitwayo CTCF. Baadaye kitanzi hufunguka na kazi huanza upya. Ramani za mikunjo hii zilipatikana kwa jenomu nzima mwaka 2009, kwa mbinu ya Hi-C: formalini hugandisha vipande vya DNA vilivyo karibu, vimeng'enya huikata DNA, ncha zilizo jirani huunganishwa, kisha herufi zake husomwa ili kujua nani alikuwa jirani ya nani.

Upande wa RNA, sehemu inayosimba protini ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya jenomu ya binadamu, ilhali eneo linalonakiliwa kuwa RNA ni kubwa zaidi ya hapo kwa mbali. Si RNA zote zisizosimba zinazohusika na mkunjo. Zile fupi sana za herufi 22 hivi, mikroRNA, kwa kawaida hufanya kazi nje ya kiini, hivyo tuziache. Zinazotuhusu ni zile zinazobaki ndani ya kiini, na hasa zile ndefu.

Mfano uliochunguzwa kuliko yote ni RNA ndefu iitwayo XIST, iliyotangazwa mwaka 1991. Mamalia wa kike ana kromosomu X mbili, dume ana moja, na ili kiasi cha kazi kilingane, kila seli ya jike huizima X moja mapema sana katika ukuaji wa kiinitete. Mwanajenetiki Mary Lyon ndiye aliyependekeza jambo hilo mwaka 1961, na ushahidi wake unaonekana hata kwa macho. Mtazame paka jike mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa, kama wale wanaorandaranda mwaloni dagaa wanapoanikwa. Jeni inayoamua kati ya rangi hizo mbili iko kwenye X. Penye baka jeusi, seli zimezima X yenye rangi ya chungwa. Penye baka la chungwa, zimezima ile nyingine. Na kwa kuwa seli binti hurithi uamuzi wa seli mama, rangi hukaa kwa mabaka badala ya kuchanganyika. Ndiyo maana paka dume mwenye rangi zote mbili ni nadra mno, na akipatikana aghalabu huwa na X ya ziada.

Kinachoizima X hiyo ni RNA ya XIST, ambayo kwa binadamu ina herufi takriban 19,000 na haitoi protini yoyote. Hunakiliwa kutoka kwenye X ileile itakayozimwa, kisha huifunika. Haisambai kwa kuufuata uzi hatua kwa hatua tangu mwanzo hadi mwisho. Majaribio ya mwaka 2013 katika seli za panya yalionyesha kwamba inatua kwanza kwenye sehemu ambazo mkunjo umezisogeza karibu na jeni yake, hata zikiwa mbali kwenye uzi, na kutoka hapo hujipenyeza kwingineko. Huu ndio upande wa kwanza niliousema: mkunjo unaiongoza RNA.

Ikishatua, RNA huita wasaidizi. Protini SPEN hujishika kwenye sehemu moja ya XIST na kuchochea kuondolewa kwa alama za kemikali zinazoiweka kromatini, yaani DNA pamoja na protini zilizoifunga, wazi. Protini nyingine huweka alama za kufunga. Kohesini nayo hupungua kwenye kromosomu hiyo. Vitanzi vingi vya kawaida hufifia, na X iliyozimwa hujikunja upya katika maeneo makubwa mawili yanayotenganishwa na sehemu iitwayo DXZ4. Kwenye hadubini huonekana kama doa zito pembezoni mwa kiini, doa ambalo mtafiti Murray Barr na mwenzake walilieleza mwaka 1949, kabla hata umbo la DNA halijajulikana.

Zipo nyingine. Sehemu kubwa ya RNA ya ribosomu (mtambo wa seli wa kutengeneza protini), ambayo nayo haisimbi protini, hunakiliwa kutoka kromosomu tano za binadamu, na mahali inaponakiliwa ndipo kiinisi, yaani doa zito ndani ya kiini, hujengeka, hivyo sehemu za kromosomu tofauti hukusanyika pamoja. NEAT1 hushikilia vijipunje fulani vya protini ndani ya kiini. Ikiondolewa, vijipunje hivyo husambaratika. Hata CTCF hushikana na RNA: tafiti za mwaka 2019 zilionyesha kwamba ikinyimwa sehemu zake za kushikia RNA, vitanzi kadhaa hupotea.

Hata hivyo, kuona RNA mahali mkunjo unapobadilika hakutoshi kuipa RNA sifa hiyo. Wakati mwingine kinachofanya kazi ni tendo la kunakili lenyewe. Kwa panya, jeni Igf2r huzimwa kwa sababu unakili wa RNA iitwayo Airn unapita juu ya sehemu yake ya kuanzia. Unakili huo ukifupishwa kabla ya kufika hapo, jeni haizimiki. Vilevile mkunjo na kuzimwa kwa jeni si kitu kimoja. DXZ4 ilipokatwa, maeneo makubwa mawili ya X yalitoweka, lakini jeni nyingi za kromosomu hiyo ziliendelea kuzimwa kama kawaida.