Je, wajua kwa nini mwanafunzi mwenye madesa mengi hukumbuka machache?

Katika vyumba vya kupangisha vya Iyunga jijini Mbeya, kama ilivyo Kihesa mjini Iringa, mwanafunzi wa chuo huamka na kukuta kundi la WhatsApp la darasa lake limejaa madesa, yaani vitini, mitihani ya miaka iliyopita, sauti za mihadhara na viungo vya video, vyote vimetumwa usiku mmoja. Huvipakua vyote, hufungua kimoja, husoma kurasa tatu, hukumbuka kwamba lipo desa jingine lililo fupi zaidi, akahamia huko. Na ifikapo saa nne usiku huwa amechoka kwelikweli, ilhali akiulizwa amejifunza nini hana jibu. Wengi humwita mvivu. Naona wanamwonea.

Mambo mapya hupitia kwanza kwenye kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo ni finyu mno. Mwaka 1956 George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, alikadiria kwamba ina nafasi ya mafungu saba hivi ya taarifa kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliishusha hesabu hiyo hadi manne hivi. Madesa hamsini hayaipanui nafasi hiyo. Tena, mwaka 2009 Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiacha kazi kabla ya kuimaliza na kushika nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, kwa hiyo anayerukaruka kati ya video, kitini na ujumbe unaoingia huwa hajatulia mahali popote.

Hata kilichoingia hakikai bila kurudiwa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aligundua kwamba usahaulifu huwa wa kasi katika saa za mwanzo, kisha hupungua. Aligundua pia jambo ambalo kila anayekesha kabla ya mtihani angepaswa kulijua: marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 ya siku moja. Wachuma chai wa Mufindi na Rungwe hawataona ajabu, maana wao hurudi kwenye mchai uleule kila baada ya siku chache, na wakichelewa hukuta majani yamekomaa kupita kiasi.

Namna ya kurudia nayo ina uzito. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Baadhi walikisoma mara nne, wengine walikisoma mara moja kisha wakajaribu mara tatu kuandika walichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Hapa ndipo madesa yanapotudanganya, kwa sababu kusoma tena kitu kilekile hutupa wepesi ambao tunaudhania kuwa ni kujua, wakati karatasi tupu, inayotutoa jasho, ndiyo inayojenga.

Basi nidhamu ya kila siku hujengwaje? Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliochagua tendo moja la kufanya kila siku baada ya jambo lilelile, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani tendo lilizoeleka baada ya siku 66, ingawa tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254, na kukosa siku moja hakukuharibu mazoea. Kwa hiyo simshauri mtu wa Mbeya kuapa kuamka saa kumi alfajiri katika baridi ya Julai. Afunge somo lake kwenye jambo analolifanya tayari, tuseme chai ya jioni: achague kitini kimoja cha mada moja, simu aiache chumba kingine, asome, akifunike, aandike anachokumbuka, na kundi la darasa alifungue baada ya hapo. Akianza tarehe 1 Novemba, siku ya 66 itamkuta tarehe 5 Januari.