Je, wajua kwa nini 3-4-5 hutambulika upesi kuliko 2-5-8?

Tuseme unaonyeshwa namba tatu tatu, nawe useme kama zimepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa. Kati ya 3-4-5 na 2-5-8, zipi utazitambua mapema? Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa 2-5-8. Niliamini kuwa kutambua mpangilio ni kupima ukubwa mara mbili: 2 ni ndogo kuliko 5, 5 ni ndogo kuliko 8, kazi imekwisha.

Imani hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 1967, Robert Moyer na Thomas Landauer walionyesha kuwa tukitakiwa kuchagua iliyo kubwa kati ya tarakimu mbili, tunajibu upesi zaidi zikiwa zimeachana sana. Kati ya 2 na 9 hatusiti. Kati ya 8 na 9 tunachelewa kidogo. Ni kama mizani: mizigo ikikaribiana uzito, hucheza kwanza ndipo itulie. Kwa hesabu hiyo, 3-4-5 ndiyo ingetuchelewesha, maana kila namba imebanana na jirani yake.

Majaribio ya baadaye yalileta kinyume kabisa. Namba zinazofuatana moja kwa moja ndizo hutambulika haraka, na hadi leo naona ni ajabu kubwa.

Maelezo yanayoshawishi zaidi ni ya kumbukumbu. Chukua herufi. L haina ukubwa wowote wa kuipita M, hakuna cha kuweka kwenye mizani, lakini L-M-N hukutoka mdomoni bila kufikiri. Ukipewa D-K-R, utajikuta unakariri kimoyomoyo ili uhakikishe. Namba nazo tulianza kuzikariri utotoni, kabla hatujaelewa kuwa "nne" ni kiasi fulani. 3-4-5 ni kipande cha kibwagizo hicho. 2-5-8 hatukuwahi kuiimba, basi akili hurudi kupima.

Hata hivyo, si kila mtu huonyesha tofauti hii, na namba zikivurugwa, mfano 4-3-5, faida ya ujirani hufifia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto wa shule za msingi Uholanzi uliona kuwa katika madarasa mawili ya kwanza, wepesi wa kulinganisha ukubwa ndio uliendana zaidi na uwezo wa hesabu. Kufikia darasa la sita, nafasi hiyo ilikuwa imechukuliwa na wepesi wa kutambua mpangilio.