Jina Lako, Dhamana ya Mkopo wa Mwingine: Kupanda na Kuyumba kwa Chapa ya Jessica Simpson

Kwa miaka mingi, habari karibu zote kuhusu chapa ya mavazi ya mwimbaji wa Marekani Jessica Simpson zilibeba takwimu moja: mauzo ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Wengi waliisoma wakadhani ndizo fedha zilizoingia kwa Simpson mwenyewe, au kwenye kampuni yake. Kumbe ilikuwa jumla ya yote waliyolipa wateja madukani kwa viatu, mikoba, jinzi, manukato na kila kitu kilichobandikwa jina lake. Kazi yangu ni mikataba ya leseni za alama za biashara, yaani ruhusa ya kutumia jina kwenye bidhaa kwa malipo, upande wa mavazi, na nawaambia wanaoniuliza: huwezi kuelewa chapa hii ilivyopanda, wala ilivyoponea chupuchupu, kabla hujaifuata dola ya mteja kutoka mkononi mwake hadi inapoishia.

Tuchukue kiatu chenye bei ya dola 90. Duka limekinunua kwa bei ya jumla, tuseme dola 45, kutoka kwa kampuni iliyopewa leseni. Hiyo ndiyo inayokichora, inayolipa kiwanda, inayosafirisha kontena na kubeba hasara kiatu kisiponunuliwa. Kwa kila jozi inamlipa mwenye jina mrabaha, yaani malipo ya kulitumia jina, ambao katika mavazi huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo halisi ya jumla. Kwa asilimia 7, kiatu chetu kinatoa dola 3 na senti 15. Juu yake huongezwa mchango wa matangazo, mara nyingi asilimia 1 hadi 3, lakini huo una kazi yake maalumu na hauhesabiwi kuwa mapato ya kutumia utakavyo. Ukipandisha hesabu hiyo hadi bilioni 1 ya madukani, unapata takriban milioni 500 kwa bei ya jumla, na mrabaha wa milioni 35. Ni fedha nzuri sana kwa kampuni isiyo na kiwanda wala ghala. Lakini yeyote anayeithamini au kuikopesha kampuni hiyo anapaswa kuanza na 35, asahau ile bilioni.

Na hiyo 35 yenyewe inaliwa na maneno mawili: mauzo halisi. Kabla ya kupiga asilimia, mwenye leseni, yaani ile kampuni iliyopewa leseni, hutoa bidhaa zilizorudishwa, punguzo la kulipa mapema, na kile ninachokiona kuwa mwiba mkubwa kuliko yote, yaani fidia ya punguzo la bei. Duka kubwa likishindwa kuuza viatu kwa bei kamili, linashusha bei kwa asilimia 40, kisha linamgeukia msambazaji, ambaye ndiye huyo mwenye leseni: tufidie sehemu ya faida tuliyokosa. Msambazaji analipa kwa sababu anataka nafasi kwenye rafu msimu ujao, na kiasi alicholipa anakikata kwenye mauzo ya kukokotolea mrabaha. Mkataba makini huweka kikomo cha makato yote, kwa mfano asilimia 8 ya mauzo ghafi. Usipokuwa na kikomo, msimu mbaya wa duka unakuwa msimu mbaya wa mwenye jina, hata kama jina lenyewe bado linapendwa.

Sasa turudi mwanzo. Mwaka 2005 Simpson aliingia ubia na Vince Camuto, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya viatu ya Nine West. Huu ndio uamuzi uliojenga kila kitu kilichofuata. Camuto alivijua viatu vya wanawake kuanzia soli hadi meza ya mnunuzi wa duka kubwa, na aliijua bei ambayo mwanamke wa kipato cha kati Marekani huwa tayari kulipa kwa kiatu chenye kisigino kirefu. Simpson alileta sura na ladha. Tina Simpson, mama yake, akawa jicho la kila siku juu ya miundo, jambo ambalo waandishi wa habari hulipita haraka ilhali ndilo lililoifanya chapa isichuje.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu biashara ya aina ile ile, jina lile lile, wakati ule ule, ilishindwa upande wa jinzi. Tarrant Apparel Group ya Los Angeles ilikuwa na leseni ya mavazi yenye jina la Simpson, na mwaka 2006 ilimshtaki ikidai dola milioni 100, ikisema hakuitangaza wala kuiunga mkono bidhaa kama alivyopaswa. Madai ya mahakamani ni madai tu, lakini yanaonyesha mahali mikataba ya watu maarufu inapopasuka. Aliyechukua leseni amenunua vitambaa na kushona akiamini nyota atavaa. Nyota naye anaamini ameshauza jina na yaliyobaki ni hisani. Neno “kuunga mkono” lisipofafanuliwa, kila upande una maana yake.

Dawa yake ni kuhesabu. Mkataba useme ni siku ngapi za kazi kwa mwaka, kila siku ina saa ngapi, picha za misimu mingapi, amevaa nini akihojiwa kuhusu mitindo, nani analipa nauli na warembaji, na picha zitatumika hadi lini baada ya mkataba kwisha. Siku hizi huongezwa idadi ya machapisho kwenye mitandao ya kijamii. Inaonekana ni udogo wa mambo, hadi siku nyota anapoulizwa jinzi anayoipenda akataja ya kampuni nyingine.

Upande wa pili wa wajibu ni idhini, na hapa ndipo chapa huhifadhiwa au huharibiwa kimyakimya. Kiatu cha leseni hupita hatua kadhaa: mchoro na ubao wa rangi, kipande cha ngozi au kitambaa, sampuli ya kwanza iliyojengwa juu ya umbo la mguu, sampuli iliyorekebishwa, kisha jozi moja iliyotolewa kwenye uzalishaji wenyewe. Kila hatua inahitaji sahihi ya mwenye jina, kwa kawaida ndani ya siku 10 za kazi. Kifungu cha kukikodolea macho ni kile kinachosema ukimya maana yake nini. Ukimya ukiwa ni ndiyo, ofisi yenye watu wachache itaidhinisha takataka kwa kuchelewa kusoma barua pepe. Ukiwa ni hapana, kiwanda kitakosa nafasi yake, na agizo lililopaswa kuingia madukani mwezi wa nane litafika msimu umekwisha. Mimi huandika kwamba ukimya ni hapana, lakini mwenye leseni ana haki ya kutuma kumbusho, na siku 3 baada ya kumbusho ukimya unageuka ndiyo. Jozi ya mwisho, ile ya uzalishaji, ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo pekee inayoonyesha kama gundi imebadilishwa na ya bei rahisi.

Camuto alifariki Januari 2015. Mwaka huo huo Sequential Brands Group ilinunua asilimia 62.5 ya kampuni inayomiliki jina, familia ya Simpson ikabaki na 37.5. Sequential haikuwa kampuni ya mitindo kwa maana ya kushona. Ilikuwa inakopa, inanunua majina, inakusanya mirabaha, inapunguza wafanyakazi wa kampuni iliyonunuliwa, kisha inakopa tena. Mfumo huo unafanya kazi vizuri sana mradi mirabaha inazidi riba. Katika kapu lake mlikuwa na majina mengi, likiwemo la Martha Stewart, lililonunuliwa mwaka 2015 kwa takriban dola milioni 353 na kuuzwa mwaka 2019, pamoja na la mpishi Emeril Lagasse, kwa dola milioni 175 pamoja na malipo ya ziada yaliyotegemea matokeo. Hapo unaona kilichokuwa kinatokea: thamani ya majina inashuka, deni lililoyanunua limebaki.

Mwanahisa mdogo kwenye chapa moja anaweza kujiuliza hayo yanamhusu vipi. Yanamhusu kwa sababu mkopeshaji wa kampuni ya aina hii hachukui dhamana ya jina mojamoja. Anaweka mkono juu ya kapu zima. Viatu vya Simpson vingeuzwa vizuri kiasi gani, hisa zile 62.5 zilikuwa zimefungwa kwenye mkopo ulionunua majina mengine yaliyokuwa yanachechemea.

Kisha ukaja mwaka 2020 na janga la korona. Kampuni ya maduka makubwa ya Macy's ilifunga maduka yake yote Machi, wengine nao hivyo hivyo. J.C. Penney, Neiman Marcus, Stage Stores na Lord & Taylor waliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi ndani ya miezi michache. Katika wakati kama huo, mtu aliyezoea mikataba ya leseni huangalia mrabaha wa chini, yaani kiasi ambacho mwenye leseni huahidi kulipa hata asipouza kitu. Kwenye karatasi ndio kinga ya mwenye jina. Madukani kukiwa na kufuli, mwenye leseni anakuja mezani na maneno mawili tu: tupunguzie au tunaondoka. Na mwenye jina hupunguza, kwa sababu kumpata mtengenezaji mwingine wa viatu huchukua mwaka mzima, wakati riba ya benki haisubiri hata robo mwaka.

Agosti 2021 Sequential iliomba ulinzi dhidi ya wadai chini ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, ikiwa na deni la zaidi ya dola milioni 400. Utaratibu wa kuuza mali ndani ya Sura ya 11 ni wa haraka. Kwa kawaida hutafutwa mnunuzi wa kwanza anayeweka bei ya chini, wengine wanapewa wiki chache kuipita, jaji anaidhinisha, na mali inahamia kwa mnunuzi bila madeni ya zamani. Kabla mwaka huo haujaisha, familia ya Simpson ilikuwa imezinunua zile asilimia 62.5 kwa dola milioni 65. Mwaka uliofuata Jessica Simpson alieleza hadharani jinsi ununuzi huo ulivyomkausha mfukoni.

Mtu akinunua chapa namna hiyo ananunua nini hasa? Hakuna shehena ya viatu. Kuna usajili wa alama, na unasajiliwa kwa madaraja ya bidhaa yenye namba: 25 kwa mavazi na viatu, 18 kwa mikoba, 3 kwa manukato, 14 kwa vito, 9 kwa miwani. Kila usajili wa Marekani unadai tamko la matumizi kati ya mwaka wa 5 na wa 6, kisha kuhuishwa kila miaka 10. Daraja lililosahaulika linafutwa. Kuna anwani za tovuti na akaunti za mitandao, ambazo mara nyingi nywila zake ziko kwa mfanyakazi aliyekwisha ondoka. Kuna kumbukumbu za miundo. Na kuna leseni zinazoendelea. Hizo zina uhai wake: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2019 katika kesi ya Mission Product dhidi ya Tempnology, mwenye jina aliyefilisika hawezi kumnyang'anya mwenye leseni haki zake kwa kuukataa tu mkataba. Kwa hiyo mnunuzi hurithi mikataba ya zamani pamoja na asilimia zake, makato yake na kifungu chake cha ukimya.

Mwaka ule ule wa 2021 kulikuwa na mwingine aliyelirudia jina lake mahakamani. Mwanamuziki Sean Combs alianzisha chapa ya mavazi ya Sean John mwaka 1998, akatunukiwa na Baraza la Wabunifu wa Mitindo la Marekani, CFDA, kuwa mbunifu bora wa mavazi ya kiume mwaka 2004, na mwaka 2016 akauza hisa nyingi kwa Global Brands Group. Mapema 2021 aliishtaki kampuni hiyo, akidai ilitumia jina lake na maneno ambayo hakuyasema kutangaza nguo za ushirikiano na Missguided, kampuni ya mavazi ya Uingereza. Fikiria hali ilivyo: mwanzilishi analalamikia chapa yenye jina lake mwenyewe. Tawi la Marekani la kampuni hiyo lilifilisika mwaka huo, naye akainunua Sean John kwa dola milioni 7.55.

Mbona mmoja alilipa milioni 65 na mwingine 7.55? Sehemu kubwa ya jibu ni mirabaha: viatu vya Simpson vilikuwa bado vinaingiza fedha, ilhali Sean John ilikuwa imefifia madukani. Bei ya jina ni mrabaha wa mwaka ukizidishwa mara kadhaa, na umaarufu wa mwenye jina hauingii kwenye hesabu hiyo isipokuwa kupitia mrabaha.

Anayeuza sehemu ya jina lake leo aandike mambo manne, nami sitayalegeza hata kwa bei kubwa. Jina lisiwekwe dhamana ya deni lisilohusu chapa hiyo. Jina likae kwenye kampuni yake pekee, isiyo na biashara nyingine, ili ufilisi wa kampuni mama usiivute moja kwa moja. Matumizi ya sura, sauti na maneno ya mwanzilishi yahitaji sahihi yake kila mara, hata kama alama ya biashara imeuzwa yote. Na mwanzilishi abaki na hisa zinazoambatana na haki ya kuidhinisha miundo.

Wengi hutegemea pia haki ya kununua kwanza. Iandike, lakini usiilalie, maana jaji wa ufilisi anayetafuta bei ya juu kwa ajili ya wadai anaweza kuona haki hiyo inawafukuza wanunuzi, akaipuuza. Hisa pamoja na idhini zina nguvu tofauti. Yeyote aliyetaka kuzipata zile asilimia 62.5 za Simpson mwaka 2021 alijua kwamba asubuhi ya kwanza kazini angekaa meza moja na wenye 37.5, na kwamba mwenye jina mwenyewe ni mmoja wao.