Vyura wa Kihansi: maelfu kwa maelfu kwenye hekta mbili

Nikimwambia mtu kazi yangu ni vyura, kama ni Mtanzania aliyekuwa anasikiliza taarifa za habari miaka ya 2000 basi najua swali linalokuja, "ahaa, nyie ndio wale wa vyura wa Kihansi, waliopandishwa ndege kwenda Marekani?" halafu anacheka, na mimi nacheka naye kwa sababu ukiisimulia hivyo kweli inachekesha. Ila wadau wengi wananiuliza pia swali la maana zaidi, kwamba huyu chura ana nini hasa mpaka dunia nzima imshikie bango. Leo ngoja nilijibu hilo vizuri.

Kwanza tuondoe picha moja iliyopo vichwani. Mtu akisikia mnyama adimu anawaza kiumbe mmoja mmoja kajificha kwenye msitu mkubwa, unamtafuta mwezi mzima humuoni. Huyu hakuwa hivyo kabisa. Alikuwa amejaa, yaani unaangalia pa kukanyaga, hesabu za mwaka 2003 zilikadiria karibu vyura 20,000. Shida ni kwamba hao wote walikuwa wanaishi kwenye eneo la kama hekta mbili tu, na nje ya hapo hakuna hata mmoja duniani kote. Viwanja vitatu vya mpira, basi, umemaliza makazi ya spishi nzima.

Sasa kwa nini hapo tu? Mto Kihansi unatoka juu kwenye milima ya Udzungwa, ambayo ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya Tanzania na Kenya, halafu unaporomoka kama mita 850 kwenda kwenye bonde la Kilombero, unapita kwenye korongo jembamba lenye maporomoko moja baada ya jingine. Maji yakipiga mawe kwa nguvu ile yanarusha manyunyu, na maporomoko yenyewe yanasukuma upepo, kwahiyo pembeni ya maji kunakuwa na sehemu ambazo zimelowa saa 24 mwaka mzima, kiangazi masika hakuna tofauti, miti haioti, panakuwa na nyasi na mimea midogo midogo ya kijani inayofunika mawe. Huko ndiko aliko chura, haishi mtoni na wala haishi msituni, anaishi kwenye manyunyu. Ukitoka hatua chache kwenye manyunyu tayari ni nchi ya vyura wengine.

Na mwili wake umekaa kimanyunyu manyunyu. Ni mdogo sana, jike mkubwa hafiki sentimita 3 na dume ni kama sentimita 2, rangi yake njano ya dhahabu, ngozi nyembamba, na jike mwenye mimba ukimgeuza tumbo unawaona watoto kwa ndani. Ndiyo, watoto, sio mayai! Hapa ndipo wanafunzi wangu huwa wanaacha kuchati na kuinua kichwa. Vyura tuliowazoea wanataga mayai kwenye maji, yanatoka viluwiluwi, viluwiluwi vinaota miguu, hadithi ya darasa la nne ile. Chura wa Kihansi anabeba mayai tumboni, hatua yote ya kiluwiluwi inaishia humo humo, kisha anazaa vichura kamili vyenye miguu minne, kila kimoja kina urefu wa kama milimita 5. Dunia nzima aina za vyura ni zaidi ya 7,000 na wanaozaa hivi hawafiki hata asilimia moja.

Watu wanapenda kuelezea kwamba alianza kuzaa kwa sababu maji ya Kihansi yana kasi, viluwiluwi vingesombwa. Inasikika vizuri ila mimi sikubaliani nayo sana. Jenasi yake, Nectophrynoides, ina ndugu kadhaa, wote wako Tanzania tu, na wengi wanaishi kwenye misitu ya milimani chini ya majani makavu ambako hakuna mto wowote wa kumsomba mtu, na nao wanazaa. Mwanasayansi Mjerumani Gustav Tornier alishaandika habari za mmoja wao tangu mwaka 1905. Kwahiyo uzazi huu ni urithi wa ukoo, huyu wa Kihansi aliingia korongoni akiwa nao tayari, na ndio uliomwezesha kukaa sehemu ambayo chura wa kutaga kwenye madimbwi asingepata pa kuanzia.

Sasa tuje kwenye msiba. Chura aligunduliwa na watafiti mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi Chini umeshaanza kujengwa. Mradi wenyewe ni megawati 180, na nchi ilikuwa na mgao wa umeme wa kutisha miaka ile, tusisahau hilo, mimi nilisomea mishumaa kama wengine. Mitambo ilipowashwa kuelekea mwaka 2000 karibu asilimia 90 ya maji ya mto yalihamishiwa kwenye handaki la kwenda kwenye mashine, na maporomoko yakabaki yanadondoka tu. Manyunyu yakaisha, nyasi za sehemu kavu zikaanza kuvamia na vyura wakabanana kwenye vipande vilivyobaki na unyevu.

Mwisho wa mwaka 2000 vyura 499 wakachukuliwa wakapelekwa Bronx Zoo, bustani ya wanyama ya New York, kama akiba. Huku nyumbani zikafungwa springla, mabomba yanaleta maji kutoka juu kwa mteremko wenyewe bila pampu na vichwa vyake vinarusha manyunyu. Na ikafanya kazi jamani! Idadi ikapanda mpaka hizo 20,000 nilizosema, katikati ya mwaka 2003. Miezi michache baadaye wakaanza kufa, mwanzoni mwa 2004 waliopatikana ni wa kuhesabu, na mwaka huo huo ndio walionekana mara ya mwisho kwa uhakika. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linaloorodhesha viumbe vilivyo hatarini, ikatangaza mwaka 2009 kwamba ametoweka porini.

Nani aliua? Hapa wataalamu tumebishana mpaka leo. Kuna fangasi anaitwa kitridi, anashambulia ngozi ya vyura, na kwa chura ngozi ndio mapafu ya pili na pia ndio inayoweka sawa maji na chumvi mwilini, ikiharibika moyo unasimama. Alikutwa kwenye mizoga ya Kihansi mwaka 2003. Kuna tope la bwawa lililofunguliwa mwaka huo huo, likiwa na mabaki ya dawa ya kuulia wadudu inayoitwa endosalfani kutoka mashamba ya juu. Na kuna springla zenyewe, ambazo zinaziba na zinaharibika. Kwa maoni yangu fangasi ndiye mhusika mkuu, kwa sababu kasi ya vifo inafanana na alichowafanyia vyura wa Australia na Amerika ya Kati, ila alimkuta mgonjwa ambaye tayari ameshachoka. Vyura wakibanana hivyo kwenye eneo dogo ugonjwa unaruka kutoka ngozi hadi ngozi bila kizuizi chochote. Hapo ndio unaona kwamba kuwa wengi hakukumsaidia kitu, mayai yote yalikuwa kwenye kapu moja.

Na huko Marekani mambo hayakuwa rahisi kama watu wanavyodhani. Wengi walikufa, kuna minyoo ya mapafu, kuna matatizo ya lishe, mpaka wakabaki makumi tu kwenye bustani mbili za wanyama, Bronx na ile ya Toledo kule Ohio. Wafugaji wale ilibidi wajifunze upya kila kitu, manyunyu kiasi gani, taa zenye mionzi ya jua, wadudu wadogo kiasi gani wa kumlisha mtoto wa milimita 5. Wakipatia, vyura wakazaliana kwa maelfu. Agosti 2010 mia moja wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye maabara maalum, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwenyewe, amfibia wa kwanza kutangazwa ametoweka porini na kisha akarudishwa alikotoka.

Najua swali la hela linakuja, "vyura tu wale, hospitali hazina dawa". Nalielewa na wala sio swali la kijinga. Jibu langu ni kwamba gharama kubwa ilitokana na kufanya mambo kinyumenyume, utafiti wa viumbe wa korongo ulikuja wakati mkandarasi ameshaingia kazini. Ungefanyika kabla, kiasi cha maji ya kuachiwa mto kingepangwa kwenye mchoro wenyewe. Halafu chura sio peke yake pale, korongo lile lina hata kahawa yake ya mwitu, Coffea kihansiensis, iliyopewa jina mwaka 2004, na hiyo hakuna aliyeipandisha ndege.

Kwa sasa vyura bado wanafugwa na kuachiwa kwa awamu, wengine wanaonekana korongoni, ila IUCN hawajambadilishia hadhi kwa sababu haijathibitika kwamba wanaweza kujiendesha wenyewe bila kuongezewa. Springla bado zinahitajika maana mitambo bado inachukua maji. Na kwa mnaoniuliza kama mnaweza kwenda kuwaona, Kihansi sio sehemu ya kuingia kiholela, anayeshuka korongoni inabidi buti zake zisafishwe kwa dawa kwanza ili asiingize fangasi. Walioko New York ndio wenye bahati, Bronx walishawaweka kwenye maonyesho, unalipa kiingilio unawaona.